Kupanga ripoti kwenye Word bila kukesha: mwongozo kwa wanafunzi na steshenari za Moshi na Arusha

Wiki ya kukabidhi ripoti inajulikana, iwe ni jirani na Chuo Kikuu cha Ushirika pale Moshi au Njiro karibu na Chuo cha Uhasibu Arusha. Kuchapa maneno kumekwisha siku nyingi. Kinachowafanya watu wakae steshenari mpaka usiku ni kupanga: vichwa havilingani, namba za kurasa zinaanza pasipotakiwa, yaliyomo yamechapwa kwa mkono na kila ukurasa ukisogea yanapaswa kuandikwa upya.

Chanzo chake kikubwa ni kimoja. Kila mstari umevishwa peke yake: huyu ameongezewa ukubwa, yule amewekwa herufi nene, mwingine amesukumwa katikati kwa spesi ishirini. Kwa macho yako "2.3 Bei ya Kahawa Kibosho" ni kichwa cha habari. Kwa Word ni aya kama nyingine, ila ina herufi nene. Ndiyo maana haiwezi kukutengenezea yaliyomo wala kukubadilishia vichwa vyote kwa mara moja. Kila aya ikipewa jina la kazi yake, yaani staili, kazi ya siku nzima inakuwa ya saa moja au mbili.

Mwongozo huu unafuata Word ya Windows kuanzia toleo la 2016. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana kompyuta nyingi hapa ziko katika Kiingereza.

KABLA HUJAGUSA CHOCHOTE

Usifanye kazi ndani ya flashi. Kopi faili kwenye kompyuta, lifungue, bonyeza F12 na ulihifadhi kwa jina jipya lenye tarehe. Flashi ikichomolewa wakati Word inaandika, faili linaweza kuharibika lote, na mteja huwa hana kopi nyingine.

Umeme nao haupigi hodi. Nenda File, Options, Save, kisha punguza dakika za AutoRecover kutoka 10 zilizowekwa kiwandani hadi 2. Hii ni akiba ya dharura tu. Ctrl+S bado ni lazima.

Tazama ukubwa wa karatasi: Layout, Size. Word iliyosakinishwa kwa mipangilio ya Marekani hufungua karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279, wakati rimu unayonunua mjini ni A4, milimita 210 kwa 297. Kwa skrini hutaona tofauti. Ukiprinti, mistari inasogea, au printa inasimama na kudai karatasi isiyokuwepo. Bonyeza Ctrl+A halafu uchague A4. Fanya hivi mwanzo kabisa, kwa sababu ukibadili karatasi mwishoni kurasa zote zinahama.

Sasa bonyeza Ctrl+Shift+8. Alama zilizofichwa zitatokea: nukta katikati ya mstari ni spesi, ¶ ni Enter, mshale unaotazama kulia ni Tab, na mshale uliokunjwa ni Shift+Enter. Wengi huziona kama uchafu na kuzizima haraka. Ziache. Ukiona nukta kumi na tano zimefuatana kabla ya kichwa, umeshajua kwa nini kichwa hakikai katikati.

KUSAFISHA

Maandishi yanayofika steshenari huwa yametoka kila mahali: WhatsApp, PDF, Excel, simu ya rafiki. Yakibandikwa kwa Ctrl+V ya kawaida yanakuja na fonti zao, rangi zao, hata kivuli cha kijivu nyuma ya maneno. Ukibandika, bofya kitufe cha kulia cha mausi na uchague Keep Text Only. Matoleo mapya ya Word yana njia ya mkato, Ctrl+Shift+V.

Kama uchafu umeshaingia, fungua Ctrl+H. Kisanduku cha juu unaandika unachotafuta, cha chini unachoweka badala yake, kisha Replace All. Fuata mpangilio huu, kwa sababu hatua moja huandaa njia ya inayofuata:

1. Tafuta spesi moja ikifuatwa na ^p (ndivyo Word inavyoandika ile alama ya Enter, ¶), weka ^p. Rudia mpaka ifike sifuri. Spesi zilizobaki mwisho wa aya zinaondoka.
2. Tafuta ^p^p, weka ^p. Rudia mpaka ifike sifuri. Ikibaki kukuambia 1 kila mara, ni aya tupu ya mwisho wa faili au iliyokaa kando ya jedwali, iache.
3. Tafuta spesi mbili, weka moja. Rudia mpaka ziishe.
4. Tafuta spesi ikifuatwa na koma, weka koma tupu. Nukta nayo hivyo hivyo.

Hatua ya tatu ina hatari moja. Kama kuna mahali mtu amepanga safu za majina na tarehe kwa kugonga spesi, safu hizo zitaporomoka. Afadhali ziporomoke sasa uzipange kwa Tab au jedwali, kuliko ziporomoke kwenye printa.

Maandishi ya PDF yana ugonjwa wake: kila mstari unaisha na ¶, hivyo aya moja inahesabika kuwa aya nane. Ukifuta ¶ zote, sura nzima inakuwa aya moja. Dawa ina hatua tatu, na hapa usianze na hatua ya pili ya orodha ya juu. Badili kwanza ^p^p kuwa ##, ili mipaka ya kweli ya aya iwe na alama. Kisha badili ^p kuwa spesi moja. Mwisho badili ## kuwa ^p. Kama PDF haikuwa na mstari mtupu kati ya aya, weka ## kwa mkono mwisho wa kila aya kabla ya kuanza. Kwa kurasa tano hiyo ni kazi ya dakika chache.

STAILI, NDIPO PENYE FAIDA

Anza na Normal, staili ya maandishi ya kawaida. Kwenye Home, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya Normal, chagua Modify. Weka kile ambacho mwongozo wa chuo chako unadai. Mara nyingi ni Times New Roman, ukubwa 12, nafasi ya mistari 1.5, maandishi yamenyooka pande zote mbili. Bonyeza Format, Paragraph, na kwenye After weka pointi 6 au 12. Nafasi hiyo ndiyo inayotenganisha aya na aya, kwa hiyo hutagonga Enter mbili tena mpaka mwisho wa kazi.

Halafu vichwa. Heading 1 ni ya sura, Heading 2 ni ya 1.1, Heading 3 ni ya 1.1.1. Word inakuja na vichwa vya bluu, na printa ya rangi moja inavitoa vikiwa kijivu kilichopauka. Kwenye Modify weka rangi Automatic. Kwa Heading 1 ingia pia Format, Paragraph, Line and Page Breaks, na utie alama kwenye Page break before. Kuanzia hapo kila sura itajianzia ukurasa mpya yenyewe, hata ukiongeza maneno elfu moja juu yake.

Kuna kisanduku kinaitwa Automatically update kwenye dirisha hilo hilo la Modify. Usikitie alama kamwe. Kikiwa na alama, ukikoleza aya moja tu, aya zote za staili hiyo zinakolea, na utahangaika ukidhani kompyuta imeingiliwa na virusi.

Kuvivisha vichwa ni rahisi: bofya ndani ya kichwa, bila haja ya kukichagua chote, kisha Ctrl+Alt+1, Ctrl+Alt+2 au Ctrl+Alt+3. Kurudi kwenye maandishi ya kawaida ni Ctrl+Shift+N. F4 inarudia kitendo cha mwisho, kwa hiyo kwa vichwa vingi unabofya, F4, unabofya, F4.

Ikiwa mwanafunzi amekuja na ripoti iliyokwisha kukolezwa kwa mkono, kuna njia ya haraka zaidi. Bofya ndani ya kichwa kimoja cha 2.1, nenda Home, Select, kisha Select Text with Similar Formatting. Vichwa vyote vilivyopangwa kama hicho vinashikwa pamoja. Ctrl+Alt+2, kwisha. Pitia haraka kabla ya kuendelea, kwa sababu wakati mwingine hushika pia maneno yaliyokolezwa katikati ya aya, na staili ya kichwa ikiingia hapo inaharibu aya hiyo.

Sasa tatizo ambalo hutokea karibu kila mara: umebadili Normal, lakini aya nyingine zinagoma. Zinagoma kwa sababu zina mapambo ya mkono juu ya staili, na mapambo ya mkono ndiyo yenye nguvu. Chagua aya hizo, bonyeza Ctrl+Q kuondoa mapambo ya aya kama nafasi na upangiliaji. Ctrl+Space huondoa mapambo ya herufi kama fonti na ukubwa. Angalia vitu viwili. Ctrl+Q huondoa pia namba za orodha zilizowekwa kwa mkono. Na Ctrl+Space juu ya kazi nzima itakufutia italiki zote: jina la kahawa Coffea arabica linarudi wima, na majina ya majarida kwenye marejeo vilevile. Kwa aya zenye italiki chache tumia Ctrl+Shift+N peke yake. Word huziacha italiki zikiwa zimechukua chini ya nusu ya aya, na inasafisha mapambo yaliyofunika aya yote.

Tengeneza staili yako moja ya ziada kwa ajili ya majedwali, iite Jedwali: ukubwa 10 au 11, nafasi ya mistari 1, After 0. Usipofanya hivyo, majedwali yatarithi nafasi ya 1.5 kutoka Normal na jedwali la nusu ukurasa litamaliza ukurasa mzima.

Faida moja ya vichwa hivi watu hawaijui. Fungua View, Navigation Pane. Vichwa vyote vinajipanga kushoto. Msimamizi akisema 2.4 itangulie 2.2, shika 2.4 kwa mausi uivute juu. Maandishi yake yote, majedwali na picha vinahama nayo. Hakuna kukata wala kubandika kurasa sita huku ukiomba Mungu.

NAMBA ZA SURA

Namba zilizochapwa kwa mkono ni deni. Ukiongeza 3.2 mpya, unalipa kwa kubadili zote zilizo chini. Bofya ndani ya kichwa cha kwanza, Home, kitufe cha Multilevel List, na uchague mfano ulioandikwa 1 Heading 1, 1.1 Heading 2. Vichwa vyote vinapata namba. Futa zile za mkono, la sivyo utaona 2.1 2.1.

Vyuo vingi vinataka CHAPTER ONE juu ya sura na 1.1 ndani yake. Fungua tena Multilevel List, Define New Multilevel List. Kwenye ngazi ya 1 chagua Number style iliyoandikwa One, Two, Three, na uandike CHAPTER mbele yake. Herufi kubwa utazipata kwa kutia All caps kwenye fonti ya namba. Ukiishia hapo, ngazi ya 2 itasomeka One.1. Nenda ngazi ya 2, bonyeza More, tia alama kwenye Legal style numbering. Itageuka 1.1. Fanya hivyo na ngazi ya 3.

Kwa ripoti ya Kiswahili, Word haina orodha ya "ya kwanza, ya pili". Ngazi ya 1 futa namba iliyo kwenye kisanduku ili isionekane, na neno SURA YA KWANZA ulichape mwenyewe. Hesabu inaendelea kimyakimya, na 1.1, 2.1 zinatoka sawa. Kati ya SURA YA KWANZA na UTANGULIZI tumia Shift+Enter badala ya Enter, ili Word ivihesabu kuwa kichwa kimoja.

Shift+Enter hiyo usiizoee kwenye maandishi ya kawaida. Katika aya iliyonyooshwa pande zote mbili, mstari unaoishia na Shift+Enter huvutwa hadi pembeni, na maneno matatu yanatawanyika kama vibanda barabarani. Ukiuona mstari wa namna hiyo, tafuta ule mshale uliokunjwa na uufute.

NAMBA ZA KURASA

Hapa ndipo muda mwingi zaidi unapotea, kwa hiyo twende taratibu. Kinachotakiwa kwa kawaida ni jalada lisilo na namba, kurasa za mwanzo zenye i, ii, iii, na sura zinazoanza na 1.

Word haiwezi kubadili namna ya kuhesabu katikati ya faili mpaka uikate faili katika sehemu mbili. Ctrl+Enter inahamia ukurasa mwingine tu, haikati sehemu. Anza kwa kubofya kwa kitufe cha kulia kwenye ukanda wa chini kabisa wa dirisha la Word na utie alama kwenye Section. Sasa utaona muda wote uko sehemu gani.

Bofya mbele kabisa ya kichwa cha sura ya kwanza. Layout, Breaks, na chini ya Section Breaks chagua Next Page. Kama juu yake palikuwa na Ctrl+Enter ya zamani, ifute, maana hiyo ndiyo inayozaa ukurasa mtupu.

Bofya mara mbili chini ya ukurasa wa kwanza wa sura ya kwanza. Juu kutatokea Link to Previous ikiwa imewaka. Izime sasa, kabla ya kuweka namba yoyote. Ukiisahau, kila utakachofanya huku kitajiandika kwenye kurasa za mwanzo pia, na ukirekebisha kule huku kunaharibika; watu hukaa saa nzima kwenye mzunguko huo.

Ukishaizima, Page Number, Bottom of Page, Plain Number 2. Kisha Page Number, Format Page Numbers, chagua 1, 2, 3 na Start at 1. Panda kwenye kurasa za mwanzo, weka namba kwa njia hiyo hiyo, ila kwenye Format chagua i, ii, iii na Start at i. Mwisho, ukiwa bado kwenye sehemu hiyo ya mwanzo, tia alama kwenye Different First Page. Jalada linapoteza namba, na ukurasa unaofuata unakuwa ii.

Jedwali pana la bajeti linalohitaji ukurasa wa kulala linafuata sheria hiyo hiyo: weka Next Page kabla yake na nyingine baada yake, kisha Layout, Orientation, Landscape ukiwa katikati. Ukilaza ukurasa bila mipaka hiyo, ripoti yote inalala.

Na ukifuta mpaka wa sehemu, jua kwamba maandishi ya juu ndiyo yanayochukua umbo la sehemu ya chini. Ndiyo sababu mtu anafuta mstari mmoja mdogo na ghafla sura nzima iliyo juu inalala au inapoteza i, ii, iii. Ctrl+Z papo hapo.

YALIYOMO NA ORODHA YA MAJEDWALI

Kama vichwa vimevishwa staili, hii ni kazi ya sekunde. References, Table of Contents, chagua mfano. Ukibadili chochote kwenye ripoti, bofya ndani ya yaliyomo, F9, Update entire table. Aya nzima ikijitokeza kwenye yaliyomo, maana yake aya hiyo ina staili ya kichwa. Irudishe kwa Ctrl+Shift+N. Ukiona Error! Bookmark not defined mahali pa namba ya ukurasa, kuna kichwa kilichofutwa baada ya yaliyomo kutengenezwa, na F9 inatosha. Ujumbe huo umeshatoka kwenye ripoti nyingi zilizokwisha kubaindiwa. Bonyeza F9 kama kitendo cha mwisho kabla ya kuprinti, kila mara.

Kwa majedwali na michoro tumia References, Insert Caption. Bonyeza New Label uandike Jedwali, kisha tena uandike Mchoro. Baadaye Insert Table of Figures inakutolea orodha. Ukifuta jedwali la tatu, chagua yote kwa Ctrl+A na ubonyeze F9. Namba zote zinajisahihisha.

Jedwali lenyewe likivuka ukurasa, chagua safu mlalo ya kwanza, Layout ya jedwali, Repeat Header Rows, ili vichwa vya safu vijirudie. Kwenye Properties, Row, ondoa alama ya Allow row to break across pages, safu isikatwe katikati. Jina la jedwali likibaki peke yake chini ya ukurasa huku jedwali limehamia wa pili, ingia Paragraph ya jina hilo na utie Keep with next.

BARUA

Barua za kiofisi zinachapwa kila siku, kwa hiyo inalipa kuzitengenezea kiolezo kimoja kizuri. Anwani ya mwandishi isisukumwe kulia kwa spesi. Chagua mistari yake, ingia Paragraph, Indentation, Left, weka sentimita 10. Itabaki hapo hata ukibadili fonti.

Mistari ya nukta ya sahihi isigongwe nukta moja moja, haitalingana kamwe. Bofya mara moja kwenye rula mahali mstari unapotakiwa kuishia, kisha bofya mara mbili juu ya alama iliyotokea. Kwenye dirisha la Tabs chagua Leader 2. Sasa andika Sahihi, gonga Tab, na nukta zinajaa zenyewe hadi pale pale. Ndani ya jedwali Tab inarukia chumba kingine, kwa hiyo tumia Ctrl+Tab.

Kati ya "Sh." na "50,000", au "Kumb." na "Na.", gonga Ctrl+Shift+Space badala ya spesi ya kawaida. Vitu hivyo havitatenganishwa tena mwisho wa mstari.

Kiswahili kina ugomvi na masahihisho ya Kiingereza. Ukiandika n.k. na kuendelea, neno linalofuata linapewa herufi kubwa. Herufi i nayo ikisimama peke yake inageuka I. Nenda File, Options, Proofing, AutoCorrect Options. Bonyeza Exceptions uongeze n.k., Bw., Kumb. na vifupisho vyako vingine, kisha futa mstari wa i kwenye orodha ya chini. Kwenye orodha hiyo hiyo ongeza vya kwako: ukiweka slp iwe S.L.P., au kumbna iwe Kumb. Na., unachapa herufi chache na Word inamalizia. Chagua neno fupi ambalo si neno la kweli, la sivyo litajipenyeza kwenye sentensi zako. Mistari myekundu chini ya kila neno unaiondoa kwa Ctrl+A, Review, Language, Set Proofing Language, kisha unatia alama kwenye Do not check spelling or grammar.

Barua ikikaa sawa, F12, na kwenye Save as type chagua Word Template. Ukiifungua kwa kubofya mara mbili itakuletea kopi mpya, na kiolezo chako hakiguswi.

KADI ZA MICHANGO

Kamati ya harusi ikileta majina 300, hakuna haja ya kuchapa jina moja moja. Weka majina kwenye Excel, safu mlalo ya kwanza iwe na vichwa: Jina, Simu, Ahadi. Safu ya simu ipe muundo wa Text kabla ya kujaza, maana Excel huitupa sifuri ya mwanzo. Hifadhi, funga Excel.

Kwenye Word weka karatasi ya A6, milimita 105 kwa 148, ambayo ni robo kamili ya A4, na upunguze pambizo ziwe ndogo. Panga kadi yako. Mailings, Start Mail Merge, Letters. Kisha Select Recipients, Use an Existing List, uchague faili la Excel. Mahali pa jina bonyeza Insert Merge Field, Jina. Preview Results inakuonyesha zinavyotoka. Kama kiasi kinasomeka 50000 bila koma, bonyeza Alt+F9, na ndani ya mabano ya Ahadi, baada ya neno hilo, ongeza \# #,##0 kisha Alt+F9 tena.

Finish & Merge, Edit Individual Documents. Zipitie zote, hasa majina marefu yanayovuka mstari. Ukiridhika, hifadhi kama PDF na uprinti kurasa 4 kwa karatasi moja: A4 moja, mikato miwili, kadi nne.

KUTOA KAZI

Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, Word inaweka nyingine bila kukuuliza, na kurasa zinahama. Kama unaprinti sehemu nyingine, F12, chagua PDF, beba hiyo pamoja na faili la Word. Kwa anayetumia LibreOffice, mambo ni yale yale ila vitufe vinatofautiana: vichwa ni Ctrl+1, Ctrl+2, Ctrl+3, staili zote ziko F11, mapambo ya mkono yanaondolewa kwa Ctrl+M.

Pambizo ya kushoto iangalie mara ya mwisho hapo, kabla ya PDF. Kama kazi inakwenda kubaindiwa, sentimita 2.54 za kawaida hazitoshi, kwa sababu tobo za spairo au gundi vinakula sehemu yake. Weka karibu sentimita 4 au kama chuo kilivyoelekeza, kisha Ctrl+A, F9, upitie namba za kurasa, ndipo utoe kopi moja ya karatasi kabla ya zile nyingine.